Kiti cha Mbele katika Gari la Mama Moraa

Sifa,

Sianzi na salamu, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia ukivuta selotepu. Kila ukiivuta inalia kama nguo inayochanika, kisha kimya, kisha inalia tena. Hilo ni boksi la nne. Ningeweza kuinuka nikaja kukuambia haya kwa mdomo, lakini najua itakavyokuwa. Nitaanza kwa Kiswahili, utanijibu kwa Kiingereza, nitakasirika kwa sababu ya Kiingereza, na jambo lenyewe litabaki bila kusemwa. Kwenye karatasi huwezi kunijibu. Utasoma polepole, ukitamka maneno kwa sauti kama kawaida yako, na utafika mwisho.

Sitaandika habari za kupika sombe wala ndagala, wala kufunga mlango mara mbili, wala kuomba kabla ya kulala. Hayo nimekuambia miaka ishirini na miwili. Kama hayajaingia, hayataingia leo. Nataka kukuandikia kosa langu moja, kwa sababu linahusu gari utakalopanda kesho.

Kesho saa kumi na moja alfajiri unaondoka hapa Hopkins kwenda Houston, kwenye kazi yako mpya, na Mama Moraa wa jengo la pili. Yeye amesema kiti cha mbele ni changu nikikitaka. Mimi wikendi hii niko zamu. Unajua sheria ya kazini: asiyekuja apige simu kabla ya saa tatu usiku, na hata akipiga, anaandikiwa pointi. Ukichelewa, nusu pointi. Usipofika, pointi nzima. Zikijaa, unarudisha beji na kwenda nyumbani. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na jua la Juni bado linawaka juu ya maegesho kana kwamba halina habari. Nina saa mbili na nusu za kuamua. Nimeona nizitumie kuandika.

Nimekukasirikia, nikuambie wazi. Nilianza kukasirika Jumanne, tulipokuwa mezani, na wewe ukimenya chungwa.

"Nimepata usafiri," ulisema.

"Wa nani?"

"Mama Moraa. Anaenda Dallas kumwona mjukuu wake. Amesema atanifikisha Houston, maboksi na kila kitu."

Baba yako alicheka hadi akakohoa. "Hawa mama wawili ni nchi zilizofunga ubalozi," akasema. "Na mtoto wangu ameenda kufungua mpaka bila kibali!"

Mimi sikucheka. Kati ya watu wote wa Minneapolis na Saint Paul wenye magari! Kuna vijana wa kwaya. Kuna mjomba wako. Ukaniuliza, "Kwani Mama Moraa alikukosea nini?" Nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hakunikosea kitu. Hilo ndilo jibu, na limenichukua miaka sita kuliandika.

Utakumbuka gari letu la kwanza, lile jekundu tulilopewa na watu wa kanisa mwaka tuliofika. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imelila chini kama mchwa. Mlango wa nyuma, upande wako, ulifungwa kwa kamba, na wewe ulipenda kuishika kamba ile ukisema unamwongoza farasi. Mimi sikuipenda. Mimi nilisoma Kigoma, kambi ya wakimbizi, nikikaa dawati la mbele, daftari limevikwa karatasi ya gazeti. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakukubali mtu aanze sentensi bila kujua itaishia wapi. Nilizawadiwa kalamu ya wino kwa kutochelewa hata siku moja muhula mzima. Mtu wa namna hiyo hapendi kuonekana akishuka kwenye gari lenye mlango wa kamba. Kwa hiyo baba yako aliposema kwamba baada ya miezi mitatu tutapata jipya, sikungoja hiyo miezi. Nililiuza lile jekundu kwa watu wa chuma chakavu. Likaondoka juu ya mgongo wa lori, nami nikafurahi.

Miezi mitatu ikawa miaka mitano.

Ulipokuwa mkubwa ulinieleza kwamba Wamarekani nao walifanya vivyo hivyo. Walizipeleka zile ndege zao za anga kwenye makumbusho kabla vyombo vipya havijawa tayari, na kwa miaka mingi wakawa wananunua viti kwa Warusi ili wanaanga wao wafike kwenye kituo cha anga, kituo ambacho wao wenyewe walikijenga na wenzao. Ulinieleza hayo ukila wali, kama jambo la kawaida. Nilicheka, lakini niliudhika siku nzima. Mimi nilikuwa na udhuru. Nilikuwa mgeni, sikujua mambo ya magari. Wale wana walimu wote, na hesabu zote, na bado walitupa la zamani kabla jipya halijafika. Nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba mahali fulani kuna watu wanaojua.

Kazi yangu ya kutunza wazee ilikuwa Woodbury, na bado iko huko. Kutoka hapa Hopkins ni kuvuka miji yote miwili, kutoka magharibi kabisa hadi mashariki kabisa, na basi la kwanza huondoka wakati wazee wameshaamka na wanangoja kuvishwa soksi. Mama Moraa alikuwa jengo la pili, anafanya kazi nyumba ile ile ya wazee, zamu ile ile, na ana gari kubwa. Nilimfuata pale kwenye mashine za kufulia.

"Kiti kipo, Mama Sifa," akasema. "Lakini si cha bure. Hii gari inakunywa mafuta kama ng'ombe imetoka jangwani."

Akataja bei. Haikuwa mbaya. Lakini mimi niliumia, na nitakuambia kwa nini, kwa sababu ninyi mliokulia hapa hamwezi kuliona jambo hili. Kwetu Uvira, Congo, jirani hauzi kiti. Akienda na nafasi ipo, anasema panda, nawe utamletea samaki siku nyingine, au hutamletea, maisha yanaendelea. Yeye kwao Kisii huenda ni hivyo pia. Lakini alikuwa ameishi Amerika miaka kumi zaidi yangu, na alijua kwamba bila bei watu hugombana. Alinitajia bei ili tusigombane. Mimi nikasikia ameniambia: wewe si ndugu yangu.

Basi nikaamua kuwa mlipaji ambaye hajapata kuonekana. Kila Ijumaa nilimletea bahasha nyeupe, tarehe imeandikwa juu kwa mwandiko wa shule. Nilifungua mlango, nikaiweka bahasha kwenye dashibodi, ndipo nikasalimia. Wewe unajua kwetu salamu inakuja kwanza, hata kama nyumba inaungua. Nilijua nilichokuwa nafanya.

Yeye pia alijua. Siku moja alisema, "Mama Sifa, hii bahasha yako! Hata benki hawanifanyii hivi. Hata benki wananiuliza kwanza habari ya watoto."

"Habari ya watoto?" nikauliza.

"Sasa umechelewa," akasema, akawasha gari.

Na usidhani safari zilikuwa za kununa. Huo ndio ujinga wenyewe: nilimpenda. Alikuwa anakicheka Kiswahili changu. "Unaongea kama taarifa ya habari," alikuwa akisema. "Nangoja useme sasa ni wakati wa michezo." Nami nikamjibu kwamba Kiswahili chake ni kama gari lake, spea nyingi zimetoka kwa Waingereza. Alipiga usukani kwa kucheka, katikati ya barabara, malori kila upande. Lakini Ijumaa ilipofika, bahasha. Bei ilipopanda, sikuuliza kwa nini imepanda. Niliongeza hela ndani, nikafunga kwa gundi. Ilipopanda mara ya pili vile vile. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mama mmoja wa mtaa wa Phillips aliyekuwa ananunua kiti cha nyuma alikuwa amehama, na gharama yake ilitugawanyikia sisi tuliobaki. Ningeuliza ningeambiwa. Lakini anayeuliza ni mtu anayezungumza na mwenzake, na mimi nilikuwa nalipa ili nisizungumze. Nilikuwa nalipa ili nisiseme asante.

Ni miaka hiyo hiyo, ulipokuwa darasa la sita au la saba, uliponitoa nje bila koti ili nione kile kituo kikipita. Tulisimama hapo kwenye maegesho, kati ya magari yaliyofunikwa na theluji. Nuru moja, kimya, inapita juu ya paa la jengo la Mama Moraa bila kupepesa. Ukaniambia kuna watu ndani. Ukaniambia Wamarekani waliomo walipelekwa na Warusi.

"Wanalipa?" nikauliza.

"Wanalipa sana."

"Na bei inapanda?"

"Kila wakati."

"Na wanasalimiana?"

Ulicheka hadi ukakaa kwenye theluji. Ulikwenda kuwaambia wenzako shuleni swali la mama yako. Sikuwa nafanya mzaha, Sifa. Nilikuwa nauliza kwa sababu ya jambo langu.

Kisha gari letu likaja. Ilikuwa mwezi wa kumi, unakumbuka, lile la kijivu, lenye harufu ya gari jipya ingawa si jipya. Ijumaa ya mwisho nilimpa Mama Moraa bahasha na kumwambia, "Nashukuru, kuanzia Jumatatu nitajitegemea." Nilitumia neno hilo, kujitegemea, kama mgeni rasmi. Akanitazama. "Sawa," akasema. "Lakini kwa nini tusibadilishane? Wiki moja yangu, wiki moja yako. Tutapunguza mafuta, na gari ya mmoja ikigoma, mwingine yupo." Hakusema neno juu ya hela. Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Miaka mitano nilikuwa nimengoja siku ambayo sitakaa kwenye kiti cha mtu, sasa anataka nimkalishe kwenye changu?

Januari ikaja, na ile baridi iliyofunga shule zote. Kazi yetu haifungwi. Mzee hawezi kuambiwa leo usizeeke. Nilitoka saa kumi na moja na robo. Gari la kijivu liliwaka mara ya kwanza. Nikazunguka jengo, nikamwona Mama Moraa. Boneti ya gari lake ilikuwa juu. Amesimama katikati ya njia ya kutokea, ameshika nyaya za kuamshia betri, nyekundu mkono mmoja, nyeusi mkono mwingine. Aliponiona akauinua ule mkono wa nyaya nyekundu.

Ingechukua dakika kumi. Labda kumi na tano, kwa baridi ile.

Niseme nilichofikiria, kwa sababu nimekuwa na miaka sita ya kukipamba na sikufanikiwa. Nilifikiria nusu pointi. Sikuwa na pointi hata moja, Sifa. Kazini, kwenye chumba cha kulia, kulikuwa na karatasi ukutani yenye majina ya wasiochelewa, na jina langu lilikuwa la kwanza, na mimi kila siku nikipasha chakula changu nilisimama mahali ambapo ningeweza kuliona. Mwanamke mzima. Niliona ile kalamu ya wino. Nikajiambia kwamba hajanitambua, gari ni jipya kwake. Nikajiambia atampata mwingine. Nikapita pembeni yake, nikatoka.

Alifika kazini saa mbili baadaye. Yeye hakuwa na nafasi hata ya nusu pointi. Alikuwa ameuguza mtoto wake kiangazi kizima na zilikuwa zimejaa hadi juu. Ile ndiyo ya mwisho. Nilijua zimejaa. Alikuwa ameniambia mwenyewe, kwenye gari, mwezi wa tisa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amerudisha beji. Nilimwona kupitia dirisha la chumba cha mzee mmoja niliyekuwa namkata kucha. Alikuwa anatembea kwenda garini na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazi.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Uliniuliza mbona Mama Moraa haonekani asubuhi. Nilikuambia amepata kazi nzuri zaidi. Nilikudanganya. Kazi aliipata, ndiyo, baada ya miezi mingi. Ile kazi ya kuwakalimania wagonjwa kwenye kliniki huko Phillips, na nasikia wanampenda. Lakini siku niliyokuambia hivyo hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amelala kwenye kochi jengo la pili, hatua mia moja kutoka kwetu, na mimi nilianza kutoka kwa mlango wa nyuma ili nisikutane naye kwenye mashine za kufulia. Ndiyo maana nguo zetu nilizipeleka mbali miaka yote ile. Ulidhani mashine zile ni chafu. Ni mimi niliyekuambia kwamba ni chafu.

Na usifikiri gari la kijivu lilinisaidia. Machi iliyofuata likafa njiani. Nilisimama kando ya barabara kuu, malori yakinimwagia matope, nikafungua simu ili nimpigie mtu, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye jina lake. Sikupiga. Nilikodi teksi hadi Woodbury. Nililipa pesa za wiki nzima ili nisipate nusu pointi. Nilifika kwa wakati.

Sasa nije kwenye kazi yako, maana najua umeshaanza kujiuliza kituo cha anga kinahusiana nini na Mama Moraa.

Mwaka jana ulipofanya yale mahojiano ya simu, ulikaa hapa mezani ukanifanyia mazoezi. Ulinieleza kwamba Wamarekani sasa wana vyombo vyao tena na hawanunui viti vya Warusi. Nikasema, vizuri, wanajitegemea. Ukasema hapana. Ukasema bado wanapanda vya wenzao. Mmarekani mmoja anakaa kwenye chombo cha Warusi, Mrusi mmoja anakaa kwenye cha Wamarekani, kiti kwa kiti, hakuna anayemlipa mwenzake. Nikakuuliza kwa nini, na huku chini hawaelewani kwa lolote? Ukachora kwenye leso ya karatasi. Upande mmoja wa kituo unatoa umeme mwingi. Upande mwingine unakisukuma kituo juu, kwa sababu ukikiacha, kinashuka kidogo kidogo kila siku. Chombo cha upande mmoja kikigoma kuondoka, lazima kule juu abaki angalau mtu mmoja wa kila upande anayejua mitambo ya kwao. La sivyo wote wanapoteza nyumba.

"Si urafiki, Mama," ulisema. "Ni akiba tu. Ni kujikinga."

Ulilisema neno hilo kama mtu mzima anayemfundisha mtoto, na niliudhika, nikaenda kulala mapema. Sikuudhika kwa sababu ulikosea. Niliudhika kwa sababu wiki moja yangu, wiki moja yako, nilishaambiwa hayo na mwanamke wa Kisii asiye na leso ya karatasi, na nilikataa. Watu ambao nchi zao hazisalimiani waliweza kukubaliana jambo hilo. Mimi na mwenzangu tuliocheka pamoja miaka mitano hatukuweza. Hapana. Yeye aliweza.

Unakwenda kukaa kwenye ofisi inayopanga nani apande chombo cha nani. Sijui kazi hiyo. Sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba bei ni sehemu rahisi, na mtu anaweza kulipa kila Ijumaa kwa mwandiko mzuri na bado akawa mwenzi mbaya. Na kuhusu akiba na urafiki, sina hakika kwamba ni vitu viwili. Mama Moraa aliposema gari ya mmoja ikigoma mwingine yupo, sijui alikuwa anajikinga au alikuwa ananipenda. Nadhani hata yeye ukimuuliza atacheka.

Umeingia sasa hivi kuuliza mkasi uko wapi. Nimeifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayezuia wenzake wasiibe jibu. Ukasema, "Mama, unaandika nini?" Nikasema orodha ya dukani. Huo ni uongo wa tatu ninaokuambia, na ni wa mwisho.

Leo saa tisa alasiri, ulipokuwa umeenda kurudisha vitabu, Mama Moraa alikuja kuyapima maboksi. Nilimsikia kwenye korido.

"Hodi kwa wenye bahasha!"

Nilikuwa nimeiandaa. Niamini au usiniamini, nilikuwa nimeiandaa, nyeupe, na tarehe juu. Nilifungua mlango nayo mkononi. Amenenepa kidogo na ameanza kuvaa miwani. Akaitazama bahasha, akanitazama mimi.

"Bado unazo? Nilidhani ziliisha dukani."

"Ni ya mafuta. Houston ni mbali."

"Mafuta tanki ya kwanza najaza mimi. Ya pili utajaza wewe."

"Mimi siendi."

"Na nani atanipokea usukani? Sifa amezoea vile vigari vya kiberiti. Na mimi nikifika Iowa macho yanafunga duka." Alikuwa ameshainua boksi lako la vitabu akilipima uzito. "Kiti cha mbele ni chako. Unakijua."

"Wikendi hii niko zamu, Mama Moraa."

Akaliweka boksi chini. Taratibu, kama linaweza kuvunjika.

"Una pointi ngapi?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Miaka hii yote."

"Miaka hii yote."

"Basi unayo nafasi," akasema. "Mimi sikuwa nayo."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nikamuuliza kile nilichoogopa kuuliza miaka sita. "Uliniona siku ile?"

"Mama Sifa! Nimeinua mkono na waya kama polisi wa trafiki, ningekosaje kukuona? Ulinipita hapa." Akanyoosha mkono kuonyesha umbali, ulikuwa mfupi kuliko nilivyokuwa nimejiambia. Kisha akaanza kucheka, hadi miwani ikashuka puani. "Na ulikuwa umewasha indiketa! Baridi hiyo yote, hakuna mtu, hakuna gari, na mama ananikimbia na indiketa. Nikasema, huyu mwanafunzi wa Congo, hata dhambi anaifanya kwa kufuata sheria."

Sikuweza kucheka. Nikamuuliza kama umeshaambiwa.

"Sijamwambia mtoto," akasema, akifuta miwani kwa khanga yangu iliyokuwa kitini. "Moraa pia hajui. Yangu nilishamaliza na Mungu, ilichukua muda. Hiyo ni yako ya kusema."

Akachukua vipimo vyake akaondoka. Bahasha ilibaki mkononi mwangu. Hakunisamehe, Sifa, usielewe vibaya. Hakusema neno hilo, nami sikuliomba, kwa sababu hata sasa sijamwomba radhi. Nilisimama pale na bahasha kama mtu aliyeleta sadaka kwenye kanisa lililofungwa. Miaka ishirini na zaidi ya kuandika sentensi safi, na ile moja fupi ilinikataa.

Ni saa tatu kasoro dakika ishirini. Naacha kuandika kidogo.

Nimerudi. Nimepiga simu kazini. Amepokea yule msimamizi kijana wa zamu ya jioni, ambaye amekuwa akiniita mfano wa kuigwa mbele ya wengine, jambo ambalo kila mara lilinifanya nitazame viatu. Nikamwambia kesho siji, wala Jumapili. Akauliza kama ninaumwa. Hapo njia ya uongo ilikuwa wazi kabisa, pana, haina theluji. Nikamwambia siumwi. Nikamwambia kuna mtu anahitaji msaada wa kuendesha gari, nami nimechelewa kumsaidia.

"Unajua itabidi niandike pointi," akasema. Alisikitika kweli, mtoto wa watu.

"Andika," nikamwambia.

"Ndiyo ya kwanza kwako."

"Ilitakiwa iwe ya zamani."

Hakuelewa, na sikumweleza. Wewe ndiye wa kwanza kuelezwa, na baba yako atakuwa wa pili. Mama Moraa hana haja ya kuelezwa. Yeye ana haja ya kuombwa radhi, na kutoka hapa hadi Houston ni siku nzima na zaidi. Sijui nitaianza wapi. Labda Iowa, akiwa amefunga macho na mimi nimeshika usukani, nisiweze kukimbia.

Barua hii nitakupa tukifika, mlangoni kwako, baada ya boksi la mwisho. Sitaki uisome garini ukitutazama migongo. Hela zilizokuwa kwenye bahasha nimezihamishia kwenye pochi, ni za tanki ya pili. Bahasha yenyewe nimeifuta tarehe, na humo ndimo utakapoikuta barua hii.

Nakusikia umemaliza selotepu. Lala. Alfajiri nitatangulia kushuka, kwa mlango wa mbele, ili nimkute anapasha gari moto na nimsalimie kabla sijagusa kitasa. Nawe usije ukakimbilia mbele kama ulivyozoea. Utakaa nyuma na maboksi yako. Kiti cha mbele kina mtu.

Mama yako